Mtaa Uliotulia

Machi 4, Jumanne

Mvua imeanza leo na mji umeanza kunuka. Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na harufu ya gundi hupanda ngazi pamoja nasi, hulala nasi na huamka nasi. Mume wangu anasema tutazoea. Watu wanaosema "tutazoea" ndio walioufanya ulimwengu uwe hivi ulivyo.

Niandike kwa nini tuko hapa, maana nikiandika hasira hupungua. Mume wangu ni fundi wa mashine za hospitali. Kila mtu humwita Mhandisi, nami humwita hivyo hasa nikiwa nimekasirika. Hospitali ya hapa imemwajiri, lakini hiyo kazi ni kisingizio tu. Ukweli ni kwamba tumekimbia. Mwaka jana, mchana kweupe, vijana wawili walibisha mlango wetu wa zamani wakaomba maji ya kunywa. Mama yangu alikuwa peke yake. Akafungua. Walimfunga kwa waya wa pasi, wakamvunja kifundo cha mkono, wakaondoka na televisheni yetu na redio yake ndogo.

Tangu siku hiyo Mhandisi akisikia mlango unabishwa hukakamaa kama paka aliyeona mbwa. Nyumba ile tumeiuza. Tunataka kununua nyingine hapa kabla mvua haijaisha, na sharti lake ni moja: usalama. Ndilo langu pia, mama ni wangu. Ila daktari amesema Mama lazima atembee kila asubuhi, la sivyo miguu itamwacha. Kwa hiyo tunatafuta mahali ambapo mwanamke mzee anaweza kutoka nje akarudi mzima. Siyo ombi kubwa, au ndivyo ninavyodhani leo.

Machi 7, Ijumaa

Tumepata dalali. Ana viatu vyenye ncha kali, simu mbili, na kijiti mdomoni ambacho hakitoi hata akiongea. Nimempa jina la Pametulia, kwa sababu hana neno jingine.

"Dada, hapa pametulia."

"Pametulia vipi?"

"Pametulia tu. Huoni? Hata watu hawaonekani."

"Wamekwenda wapi?"

"Wapo ndani, dada. Wametulia."

Nyumba ya pili ilikuwa ukuta kwa ukuta na kilabu cha pombe kilichofungwa milango. "Pametulia mpaka saa kumi na mbili jioni," alisema, bila haya, kama mtu anayekuuzia samaki aliyeoza na kukuonyesha upande mmoja.

Machi 9, Jumapili

Mvua. Mama alitembea mpaka sokoni na kurudi, akiwa amevaa koti la mvua la Mhandisi. Linamfika vifundoni.

Machi 13, Alhamisi

Nimefanya utafiti wangu mwenyewe, maana dalali kwangu ni sawa na kinyozi: ukimwuliza kama nywele zako zinahitaji kukatwa, jibu unalijua. Nimezunguka mitaa minne kwa miguu nikiuliza wauza duka na abiria waliokuwa wakisubiri gari: wezi wa mji huu wanakaa wapi?

Wa mtaa wa kwanza walinyoosha kidole kwenye mtaa wa pili. Wa pili wakanyoosha kwenye wa tatu. Wa tatu wakasema hakuna asiyejua, ni wa nne. Wa nne walicheka wakanirudisha kule nilikoanzia. "Hapa kwetu sisi ni watu wa Mungu," alisema mwanamke mmoja huku akihesabu viazi vyangu kwa makosa.

Mwizi wa mji huu hana kwao. Kila mtaa unamkana, na kila mtaa una mahali pa kumtuma. Nimesoma historia ya miji ya kale hadi macho yakauma, na katika kurasa zote zile jambo moja halikubadilika: uchafu daima ni wa jirani.

Machi 16, Jumapili

Leo Pametulia ametupeleka mlimani. Njiani alikitoa kijiti mdomoni, nikajua tunakwenda mahali pa heshima.

Mtaa wote umezungushiwa ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa vimepandwa kama mboga. Kuna geti, na kwenye geti kuna kibanda cha walinzi. Ndani, kila nyumba ina ukuta wake na geti lake, kama vile wakazi wakishajilinda na mji wanabaki na kazi ya kujilinda wenyewe kwa wenyewe. Barabara ni safi. Sikuona mtu hata mmoja akitembea. Mbwa walibweka nyuma ya kila geti tulilopita, wakapokezana mpaka mwisho wa barabara. Katika uwanja mmoja niliona, kupitia nondo, mtoto akiendesha baiskeli, akizunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Tulipokelewa na Mwenyekiti wa wakazi, mzee mnene aliyestaafu kazi ya bima, ambaye walinzi wanampigia saluti. Alitutembeza akijisifu.

"Hapa, mama, jirani hakujui na wewe humjui. Kila mtu na lake. Mimi huyu wa pembeni yangu nimekaa naye miaka tisa, hata jina sijui. Hiyo ndiyo amani."

"Na mtu akianguka bafuni?"

"Kuna kitufe." Akatuonyesha kitufe chekundu ukutani, sebuleni. "Anabonyeza, walinzi wanafika."

"Na asipokuwa karibu na kitufe?"

Akacheka, akamgeukia mume wangu. "Mzee, huyu mama ana maswali kama polisi."

Na Mhandisi akacheka naye! Nilimwona kabisa. Alikuwa anatazama zile chupa juu ya ukuta kwa macho ya mtu mwenye njaa aliyeona chakula.

Machi 22, Jumamosi

Tumegombana. Anataka nyumba ya mlimani. Nikamwambia ule si mtaa, ni kabati. Miji yote mikubwa iliyowahi kuanguka ilikuwa na ukuta, nikamwambia, na ukuta haukuizuia kuoza kwa ndani. Akanijibu kwa upole, jambo ambalo huniudhi zaidi: "Wewe unaishi kwenye vitabu. Mimi ndiye niliyemfungua Mama ule waya."

Kweli ni yeye aliyemkuta.

Mama alikuwa akimenya viazi kwa mkono mmoja na nusu, kama anavyofanya siku hizi. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Huko mlimani mmeshaomba maji?"

Mhandisi akafumba macho. Ni desturi ya Mama ya tangu ujana wake. Kila alipohamia, na alihamia sana kwa sababu baba yangu alijenga barabara, kabla ya kukubali nyumba alibisha milango kadhaa akaomba maji ya kunywa. Huchukua na kikombe chake cha bati, ili asimpe mtu kazi ya kuosha. "Ukitaka kujua mtaa usiutazame," husema. "Uonje."

"Mama," Mhandisi akasema, "ni maji hayo hayo yaliyotuletea balaa."

"Walioniibia walikuwa wawili, baba," Mama akamjibu. "Niliowapa maji tangu nizaliwe huwezi kuwahesabu. Sasa wale wawili ndio wanifundishe kuishi?"

Machi 28, Ijumaa

Nimeshindwa, kwa sasa. Mhandisi amekubaliana na mwenye nyumba, ametoa kishika uchumba cha nyumba, na Mwenyekiti amemwingiza kwenye kundi la wakazi kwenye simu, kama "mkazi mtarajiwa". Ananisomea ujumbe wao mezani kwa fahari. Leo saa nne mtu asiyejulikana alipita nje ya ukuta akatazama juu. Leo saa saba gari jeupe lilisimama kwa muda mrefu. Leo saa tisa fundi bomba wa nyumba ya mwisho alionekana akipumzika kivulini bila sababu.

"Unaona walivyo macho?" anasema.

Naona. Wako macho kama mgonjwa wa homa.

Aprili 2, Jumatano

Wameripoti paka.

Aprili 5, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi Mama alivaa koti la mvua akatoka kama kawaida. Mhandisi alikuwa ameitwa kazini, mashine ya picha za mifupa imeharibika. Mimi nilikuwa naandika makala ya gazeti, na nikiandika sioni wala sisikii. Nilipoinua kichwa adhuhuri ilikuwa imefika, chai yake iko pale pale, imeganda utando.

Nikashuka mbio. Muuza magodoro alikuwa mlangoni akipangusa plastiki.

"Bibi? Alipita hapa asubuhi na lile koti la manjano. Nikamuuliza, bibi, mvua yote hii unakwenda wapi? Akasema anakwenda kuonja nyumba. Nikadhani nimesikia vibaya."

Nilichukua pikipiki ya kwanza niliyoiona.

Alikuwa ndani ya kile kibanda cha geti, amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Walikuwa wamemvua viatu. Miguu yake, miguu ya mama yangu, ilikuwa juu ya saruji yenye maji, imekunjamana kwa baridi. Mkoba wake ulikuwa umemwagwa juu ya meza: leso, miwani, dawa za kisukari, kitana. Kikombe cha bati kilikuwa kimewekwa kando peke yake, kama kisu mahakamani.

Walinzi walikuwa wawili. Mmoja alinijua.

"Mama, samahani, ni taratibu. Alikuwa anabisha mageti, moja baada ya jingine."

"Alitaka nini?"

"Maji."

"Mkampa?"

Akamtazama mwenzake. "Taratibu haziruhusu."

Nilirudia swali, nikidhani labda ni mimi nisiyeelewa Kiswahili. Mwanamke mzee, mgonjwa wa kisukari, amekamatwa kwa kuomba maji. Amekaa hapa tangu asubuhi, na katika muda wote huo mmempa maji?

"Alisema binti yake ananunua nyumba humu," akasema yule wa pili. "Lakini, mama, wote wanasema hivyo."

Ndipo akaja Mwenyekiti, akiwa chini ya mwavuli mkubwa ulioshikwa na mtu mwingine. Aliniona, akamwona Mama, na nikaushuhudia uso wake ukibadilika kama mtu anayebadilisha shati.

"Ooh! Mama mwandishi! Sasa ungetuambia mapema. Samahani sana, sana. Hatukujua kwamba ni mama wa mtu."

Hatukujua kwamba ni mama wa mtu. Nimeandika kwa magazeti zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimechambua hotuba za watu wenye vyeo na walafi wa kila daraja, na sijawahi kukutana na sentensi iliyonitia kichefuchefu kama hiyo.

"Ulidhani ni mama wa nani?" nikamwuliza. "Wa kuku? Wewe ulizaliwa na geti?"

"Mama, tusifikishane huko..."

"Nijibu. Ulizaliwa na geti? Lilikunyonyesha geti?"

Mtu wa mwavuli aligeuza uso pembeni. Nadhani alikuwa anacheka. Namshukuru.

Mama alivaa viatu vyake mwenyewe, kwa ule mkono mbovu. Nilipoinama kumsaidia akanisukuma. Akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, cha mwisho kikombe, akakipangusa kwa koti ndani na nje.

"Twende, mwanangu," akasema. "Nimeshaonja."

Njia nzima alikuwa amekikumbatia kikombe.

Aprili 6, Jumapili

Hakutoka kitandani.

Aprili 7, Jumatatu

Hakutoka. Mvua. Gundi.

Aprili 8, Jumanne

Mhandisi hali chakula. Nilidhani ni hasira kwa wale watu, maana nilipomweleza Jumamosi alikwenda kusimama dirishani muda mrefu akanipa mgongo. Leo amerudi kutoka kazini, ameketi ukingoni mwa kitanda, na amenipa simu.

Ilikuwa picha. Kofia ya koti la manjano imefunika uso, kichwa kimeinama, mkono umeshika kikombe. Chini yake: "Mshukiwa amedhibitiwa. Anajifanya kuomba maji. Msimfungulie." Kisha wakazi, mmoja mmoja, majina nisiyoyajua na wao wenyewe hawajuani:

"Mbinu mpya hiyo."

"Wanatuma wazee siku hizi, tuamke."

"Mwagieni ndoo nzima ashibe." Na nyuso za kucheka.

Halafu nikaona jina la mume wangu. "Kazi nzuri sana, walinzi. Hivi ndivyo inavyotakiwa." Na kidole gumba kimesimama.

Nilisoma mara mbili. Nikatazama picha tena. Kwenye mkono wa kulia wa koti kulikuwa na kipande cha utepe mweusi, ule alioubandika yeye mwenyewe mwezi uliopita kuziba tundu, akajisifu kwamba hautaachia.

"Nilikuwa chini ya mashine," akasema. "Chali. Simu ikalia, nikachungulia, nikabonyeza. Sikutazama."

Mtu huyu hajawahi kupaza sauti mbele ya mkwewe tangu tuoane. Hakai kwenye kiti ambacho Mama ameinuka muda huo huo. Na alimpigia makofi aliyemvua Mama viatu. Nilitaka kumchukia, na kwa muda wa kutosha kupika na kumwaga ugali nilimchukia kweli. Lakini najua kilichoandika maneno yale. Hofu ndiyo iliyoandika. Kwake iliazima kidole tu.

"Utamwambia mwenyewe," nikasema.

Aprili 12, Jumamosi

Wiki nzima Mama amelala akitazama ukuta. Miguu imeanza kuvimba. Nimemwita kutembea, nimembembeleza, nimemgombeza. "Kesho," anasema. Kila siku kesho.

Leo Mhandisi aliingia chumbani kwake, akaketi sakafuni.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

Akasema yote, na kidole gumba pia, na utepe. Nilikuwa mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba alilazimika kurudia sehemu ile mbaya zaidi kwa sauti kubwa.

Mama akauliza, "Ulisema kazi nzuri?"

"Nilisema, Mama."

"Na koti lako mwenyewe, halikukusalimia?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, nikaleta maji, akayanywa, akacheka tena, na Mhandisi pale chini analia kama mtoto aliyevunja sahani. Kisha Mama akaacha kucheka ghafla, na alichosema nakinukuu neno kwa neno.

"Wale vijana wa mwaka jana walinitazama machoni, ndipo wakanifunga. Hata mmoja alisema pole, bibi. Hawa wa juzi hakuna aliyenitazama. Hata aliyepiga picha. Niliogopa zaidi, baba. Mwizi alijua mimi ni mtu."

Mhandisi alijitoa kwenye kundi lile la simu mbele yetu. Kishika uchumba tumekisamehe. Kiwafae, wamnunulie paka geti.

Aprili 15, Jumanne

Pametulia amepiga simu, amesikitika. Amesikitika kwa ajili ya kamisheni yake.

Aprili 19, Jumamosi

Mama ametoka. Ameniomba tu nimsindikize, na mimi nikae mbali, "maana sura yako inafunga milango".

Alichagua mwenyewe mahali: ule mtaa nyuma ya karakana ya magari. Kila niliyewahi kumwuliza amenikataza kwenda huko. Dalali aliposikia alikaribia kumeza kijiti. "Kule hapajatulia, dada!"

Ni kweli. Sijaona mahali pachafu hivi. Barabara ni tope jeusi la mafuta ya magari, linalokamata kiatu na kukibakiza. Redio tatu zilikuwa zinapigana. Mtu mmoja alikuwa anaoga upande wa pili wa ukuta mfupi na anabishana juu yake na mpita njia kuhusu mpira. Takataka zimerundikwa kwenye kona, na juu ya rundo kuna kibao: USITUPE TAKA HAPA. Nilisikia kinyaa mpaka utosini, na nilikuwa tayari kuandika makala nzima juu ya kibao hicho.

Mlango wa kwanza hakukuwa na mtu. Wa pili ulifunguliwa kidogo, sauti ikasema hawana chenji, ukafungwa. Nikaanza kutabasamu kwa uchungu. Wa tatu ni wa msusi, mwanamke mpana anayesukia wateja barazani kwake. Hata Mama hajafika alishapiga kelele.

"Bibi! Mvua yote hii, umefukuzwa na nani? Ingia. We, mpishe bibi kiti." Mteja akainuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio.

"Naomba maji ya kunywa, mwanangu."

Msusi akakiona kikombe. "Umekuja na kikombe chako? Kwani umesikia kwetu kuna ukoma?" Akaleta bilauri yake. Mama akanywa. Kabla hajaifikisha nusu alikuwa ameshaulizwa anatoka wapi, amezaa wangapi, mkono umefanya nini, anakunywa dawa gani na kwa nini hajavaa soksi.

"Na yule nje aliyenuna ni nani?"

"Binti yangu."

"Ana nini?"

"Ni mwandishi."

"Aa. Pole yake."

Niliitwa ndani kwa lazima. Nikaegesha mwavuli barazani, nikaketi, nikaulizwa mimi pia, tena maswali ambayo hata daktari huanza kwa kuomba radhi. Nachukia umbea. Nimeuandikia makala kuulaani. Tulipotoka mwavuli haukuwepo.

"Mweusi?" Msusi akauliza. "Huo ushakwenda, dada. Hapa usiache kitu nje. Hata mume."

Nyumba ya nne kutoka kwake inauzwa, ya mjane wa seremala. Paa linavuja, jiko limekuwa jeusi kwa moshi, choo kiko uani. Milango ni ya mbao nzito, na imenyooka. Mama aliigusa mmoja mmoja.

Aprili 27, Jumapili

Mhandisi amekwenda mara tatu. Amekagua komeo, madirisha, paa. Leo ameuliza swali la kweli, bila ubishi.

"Na wakija wawili wengine?"

Mwavuli wangu umeibiwa kwenye mtaa huo mchana, nikiwa hatua chache kutoka hapo. Wezi wapo. Lakini kule mlimani Mama alizuiliwa asubuhi nzima na hakuna aliyeuliza ni nani. Huku hakumaliza bilauri moja kabla mtaa mzima haujajua ana kisukari. Leo alipopita tena, watoto wawili na fundi gari mmoja walimwuliza kwa nini jana hakuonekana. Fundi gari! Mtu aliyelala chini ya lori aligundua kwamba hakuonekana.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba," Mama akamwambia. "Kitufe chao kiko mbali. Yule mwanamke ana koo la tarumbeta, na yuko nyumba ya nne."

Mhandisi akakuna kichwa. "Nitaweka komeo la pili," akasema.

"Weka hata la tatu. Mradi lifunguke."

Mei 3, Jumamosi

Tumenunua. Tope limenila kiatu cha kushoto.

Mei 11, Jumapili

Nimeuona mwavuli wangu. Ulikuwa juu ya kichwa cha mwanamume mzima, amevaa vizuri, anakwenda ibadani. Akanisalimu kwa adabu kutoka chini yake. "Habari za asubuhi, mama mwandishi! Karibuni mtaani!" Nikaitikia. Mpaka sasa hasira inanichoma kwamba niliitikia.

Mei 17, Jumamosi

Mvua inapungua, takataka hazipungui. Nimeandika barua kwa halmashauri. Nimeng'oa kile kibao.

Mei 24, Jumamosi

Mvua kubwa, labda ya mwisho. Mhandisi yuko kazini. Mama alikuwa ndani anapanga soksi, ambazo sasa huvaa kwa amri ya Msusi. Mimi nilikuwa mezani.

Mlango ukabishwa.

Nilisimama, na nikashangaa kuona nimesimama bila kusogea. Nikauendea. Mkono wangu ulifika kwenye komeo la kwanza ukakaa hapo.

"Nani?"

"Jirani. Naomba maji ya kunywa."

Maji ya kunywa. Nje mvua inamwagika, mapipa ya mtaa mzima yanafurika. Nikauona ule waya wa pasi, rangi yake, jinsi ulivyoacha alama. Kichwa changu chote chenye vitabu, kilichomtukana Mwenyekiti mbele ya watu wake, kilikuwa kinatafuta sababu. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa Msusi, maji yanamtiririka usoni, mikono mitupu. Bomba lake, ambalo halijakatika hata siku moja, linaonekana kutoka dirishani kwangu.

Nikafungua komeo la kwanza. La pili. La tatu lilikwama kidogo, Mhandisi alilikaza kupita kiasi.

Aliingia, akaketi, nikampa maji kwa bilauri yetu nzuri. Alikunywa polepole. Akatazama dari, akatazama rafu.

"Vitabu vyote hivi, na paa hamjaziba," akasema. Akashukuru, akamwuliza Mama kuhusu miguu, akaondoka kwenye mvua ile ile aliyokuja nayo.

"Ana bomba kwake," nikamwambia Mama. "Alifuata nini?"

"Alikuja kuonja."

Nikaichukua bilauri mezani, nikaipangusa, nikaona naipangusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Tumefaulu?"

Mama alikunja jozi ya soksi, akaiweka juu ya nyingine.

"Maji yalikuwa mazuri," akasema. "Wewe ulichelewa kufungua."